Steringi Hatakuja: Tulivyoitazama The English na Kile Tulichokiruka

Wikiendi ya mwisho wa Januari tulikuwa watano chumbani: laptopu moja, bakuli la bisi, na feni inayolia kama trekta. Tuliangalia The English, ile tamthilia ya kauboi ya Emily Blunt, sehemu zote sita, kuanzia Jumamosi jioni mpaka Jumapili mchana. Ilitufikia kwenye flashi. Usiniulize ilitoka wapi, mimi nasoma sheria.

Ilipoisha, mwenzangu wa chumba alikuwa analia. Anayesoma uhandisi akasema, "Picha kali sana, ila sijaelewa nani kamuua nani na kwa nini." Wa tatu alilala tangu sehemu ya tatu, hakuamka mpaka wimbo wa mwisho. Wa nne alikuwa amekasirika kabisa: "Zamani kauboi alikuwa kauboi. Siku hizi kila kitu siasa, siasa, siasa." Mimi wa tano nilinyamaza, maana kichwani nilikuwa nimebaki na kitu kimoja ambacho hakuna aliyekitaja. Shamba.

Naandika kwa sababu ya hilo shamba. Naandika pia kwa sababu yetu sisi vijana wa chama, maana tangu tarehe 3 Januari, Rais alipotangaza kuondoa zuio la mikutano ya hadhara, naona tunaitazama siasa yetu vilevile tulivyoitazama ile tamthilia. Tunashangilia picha, tunamsubiri steringi, na kile kitu kidogo kinachoamua kila kitu tunakiruka.

Kwanza stori, kwa ambao hawajaiona, na sitakuharibia mwisho. The English imeandikwa na kuongozwa na Muingereza, Hugo Blick. BBC walianza kuionyesha tarehe 10 Novemba 2022, na kesho yake ikawa Amazon Prime kule Marekani. Mambo yanatokea mwaka 1890. Cornelia Locke, mwanamke wa ukoo wa kitajiri wa Uingereza, anafika Marekani kumsaka mwanaume anayemlaumu kwa kifo cha mwanawe. Hotelini anamkuta mtu amefungwa, amepigwa. Huyo ni Eli Whipp, anayeigizwa na Chaske Spencer. Eli ni Mpawnee, mmoja wa wenyeji wa Marekani, wale tuliozoea kuwaita Wahindi Wekundu. Amelitumikia jeshi la wapanda farasi la Marekani kama skauti, akafika usajenti, sasa ameacha jeshi. Cornelia anataka kisasi. Eli anaelekea Nebraska kudai kipande cha ardhi anachoamini ni haki yake. Njia zao zinakutana, wanaokoana, wanapendana kimyakimya.

Sasa turudi kwa watazamaji, maana hawa wanne wa chumbani kwangu wanatosha kuwakilisha karibu kila nilichokisoma kuhusu hii tamthilia.

Wa kwanza ni wale wa picha. Hao sina ugomvi nao. Hii kitu ni nzuri kwa macho, huwezi kubisha. Anga kubwa, nyasi za rangi ya dhahabu, watu wawili wadogo kama siafu katikati ya tambarare. Wameipiga Hispania, nchi ileile ambako kina Sergio Leone walipigia kauboi zao miaka ya sitini, na inaonekana wamefanya hivyo kwa makusudi. Wazee wa umri wa baba yangu, waliokulia kwenye majumba ya sinema na Django, wakiiona watasema: hii tunaijua.

Wa pili ni wale wa "sijaelewa". Nao wana hoja, na hata Uingereza kwenyewe wapo waliolalamika hivyohivyo. Watu wanaongea kwa mafumbo. Wengine wananong'ona mpaka unaweka maandishi chini. Watu wanaingia, wanatoa hotuba ya ajabu, wanapigwa risasi, wanaondoka na majina yao. Na kiini cha kisa, mambo yaliyotokea miaka kumi na mitano nyuma, unaelezwa karibu na mwisho wakati umeshachoka. Mwandishi angeweza kutuhurumia kidogo. Lakini nitasema hivi: anayesema hajaelewa kwa nini watu wanauana mle, airudie tena huku anasikiliza kila mahali linapotajwa neno ardhi, ng'ombe, au barua. Mambo mengi yatafunguka.

Wa tatu, aliyelala, tumuache apumzike.

Wa nne ndiye aliyenifanya nishike kalamu. "Siku hizi kila kitu siasa." Jamani. Hebu tuulizane, kauboi iliwahi kuwa nini kama sio siasa? Tangu tukiwa wadogo tunatazama wazungu wamezungusha magari yao ya farasi, wenyeji wanatokea juu ya kilima wakipiga yowe, na sisi, watoto wa Kiafrika tuliobanana kwenye kibanda umiza, tunashangilia wenye magari. Tulijua steringi hafi. Hatukujiuliza yale magari yanaenda wapi, na hapo yanapokwenda nani alikuwa anaishi. Ile nayo ilikuwa siasa, tena siasa iliyofanikiwa sana, maana hatukuiona. Kilichobadilika kwenye The English ni kwamba yule wa juu ya kilima amepewa jina, cheo, na madai. Ukimpa mtu madai, ghafla watu wanasema umeleta siasa.

Basi tuyaangalie hayo madai, maana hapa ndipo utamu ulipo kwa mtu wa sheria.

Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alisaini Homestead Act. Mtu alijaza fomu kwenye ofisi ya ardhi, akalipa ada ndogo, akapewa ekari 160. Akikaa miaka mitano, akajenga, akalima, anakuwa mmiliki. Kwa sheria hiyo serikali ya Marekani iligawa takriban ekari milioni 270 kwa watu kama milioni 1.6. Ni kama asilimia kumi ya ardhi yote ya nchi ile. Ndiyo maana yale magari ya farasi yalikuwa yanakimbia.

Lakini sharti mojawapo lilikuwa hili: uwe raia, au uwe umetangaza nia ya kuwa raia. Mhamiaji aliyeshuka melini jana kutoka Ujerumani aliweza kutangaza nia. Mwenyeji aliyezaliwa palepale, ambaye bibi yake alizikwa palepale, hakuhesabiwa kuwa raia. Mwaka 1875 Bunge lao lilifungua mlango mdogo: mwenyeji aliyeachana na kabila lake angeweza kuomba shamba. Kwa hiyo Eli wa kwenye tamthilia, mwaka 1890, sio mjinga. Kwenye karatasi, mlango upo. Swali ni atakachokikuta dirishani.

Na sio shamba la mahali popote. Nebraska ndiko nyumbani kwa Wapawnee. Kwa mkataba wa mwaka 1857 waliachia sehemu kubwa ya ardhi waliyokuwa wamebaki nayo. Miaka ya 1870 wakahamishiwa kusini, eneo ambalo leo ni Oklahoma. Miaka hiyohiyo vijana wao walikuwa wanalitumikia jeshi la Marekani kama maskauti. Sasa elewa uchungu wa safari ya Eli: baada ya kuipigania serikali, anarudi kuiomba serikali hiyohiyo ekari 160 za ardhi ya babu zake, kwa kupanga foleni. Wanajeshi wenzake wanamuonya mapema kwamba akishavua sare, wakubwa watamuona Mhindi tu. Ile ni sentensi ya kupita, chumbani kwetu hakuna aliyeisikia kwa sababu ya bisi. Lakini tamthilia nzima imekaa juu yake.

Kuna mtu wa kweli aliyelipata hilo jibu, na ningependa kila kijana wa chama chetu amjue. Anaitwa John Elk. Alikuwa mwenyeji aliyeachana na kabila lake akahamia mjini Omaha, Nebraska hiyohiyo. Aprili 1880 alikwenda kujiandikisha kupiga kura. Msajili, bwana Charles Wilkins, akamkatalia. Sababu: wewe Mhindi, sio raia. Elk akaenda mahakamani. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka hata na mtoto: nimezaliwa ndani ya nchi hii, Marekebisho ya 14 ya Katiba ya mwaka 1868 yanasema aliyezaliwa hapa na yuko chini ya mamlaka ya nchi hii ni raia, basi niandikishe.

Kesi ikafika Mahakama ya Juu. Tarehe 3 Novemba 1884 majaji saba wakamkataa, wawili wakawa upande wake. Walisema kuzaliwa pale hakutoshi, na kwamba mwenyeji hawezi kujifanya raia kwa uamuzi wake mwenyewe, ni lazima nchi imkubali kwanza. Soma tena hapo. Mtu amezaliwa nyumbani kwake, anaambiwa asubiri mgeni amkubali. Jaji Harlan aliandika maoni ya kupinga, na mpaka leo wanafunzi wa sheria wanayasoma.

Sasa tazama hiyo kesi kwa macho ya kauboi. Steringi yuko wapi? Adui yuko wapi? Hakuna farasi, hakuna bastola, hakuna vumbi. Kuna karani, meza, na daftari la wapiga kura. Na hicho ndicho kilichowaondoa wenyeji kwenye ardhi yao kuliko risasi. Risasi zilikuwepo, tusijidanganye. Desemba 29 mwaka huohuo wa 1890 jeshi liliua mamia ya Walakota, wanawake na watoto wakiwemo, pale Wounded Knee. Lakini miaka mitatu kabla ya hapo ilikuwa imeshapitishwa Dawes Act, sheria ya kukatakata ardhi za makabila kuwa viwanja vya mtu mmojammoja na "ziada" kuuzwa. Mwaka 1887 makabila yalikuwa na ekari kama milioni 138. Kufikia 1934 zilibaki kama milioni 48. Ekari milioni 90 ziliondoka kwa mihuri.

Rafiki yangu wa "kila kitu siasa" aliposikia haya akaniambia kwamba kauboi za zamani angalau hazikuchosha watu na sheria. Nikamwambia sio kweli. Mwaka 1962 John Ford alitoa The Man Who Shot Liberty Valance, na mle steringi ni mwanasheria kijana anayefika mjini na vitabu vyake. Anafundisha watu kusoma, anawaandaa kwa uchaguzi. Lakini watu wanampa kura na heshima kwa sababu wanaamini alimuua jambazi. Vitabu havikumbukwi. Inakumbukwa risasi. Miaka sitini iliyopita mzee Ford alikuwa ameshatuona sisi watazamaji tulivyo.

Mtu ataniuliza, dada, haya ya Nebraska yanatuhusu nini? Nitajibu kwa ng'ombe. Mwaka 1951, kule Engare Nanyuki, Meru, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwaondoa watu wapatao 3,000 kwenye ardhi yao ili wawekwe walowezi wa kizungu kufuga. Nyumba zikachomwa. Hiyo ni kauboi, ila hakuna aliyetutengenezea filamu. Na steringi wake, kama unamtaka, ni Kirilo Japhet. Mwaka 1952 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akawasilisha malalamiko ya Wameru, akiwa na wakili Earle Seaton. Hakwenda na bunduki. Alikwenda na hati ya malalamiko, na nauli iliyotokana na michango ya wanakijiji. Hakurudi na ardhi mkononi, lakini kesi ile iliamsha watu nchi nzima, na wanahistoria wanaihesabu kati ya mambo yaliyoandaa njia ya TANU.

Halafu kuna Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, wakulima kutoka mkoa wa Arusha. Walikuwa wanadai ardhi yao iliyochukuliwa wakati wa operesheni ya vijiji. Ikaja sheria ya mwaka 1992 kufuta haki za kimila za namna hiyo na kuwafungia watu mlango wa mahakama. Wakaipinga sheria yenyewe. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Nyalali akiandika hukumu, ikasema haki ya kimila ya kukaa kwenye ardhi ni mali, na inalindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Mahakama ilieleza kwamba ukisema vinginevyo, wananchi wengi wangekuwa kama wavamizi ndani ya nchi yao wenyewe. Niliposoma hiyo mistari mwaka wa pili, nilifunga kitabu nikatembea nje. Ni lilelile jambo la John Elk. Kwake lilikataliwa, hapa kwetu likakubaliwa, na walioshinda ni baba na mwana wenye jembe na wakili.

Lakini usilale. Juni 2022 serikali iliweka vigingi kwenye kilomita za mraba 1,500 kule Loliondo, yakatokea tuliyoyaona. Septemba 30 Mahakama ya Afrika Mashariki ikaitupa kesi ya vijiji vinne kuhusu uhamishaji wa mwaka 2017. Hoja kubwa ilikuwa ushahidi wa mpaka: je, walioondolewa walikuwa ndani ya ardhi ya kijiji au ndani ya hifadhi? Unaweza kukubaliana na mahakama au usikubaliane, mimi nina maoni yangu. Ila ona kitu kilichobeba kesi. Ramani. Wakati sisi tunagombana kwenye simu kwa picha za vumbi na mabomu ya machozi, mizani ilikuwa kwenye ramani.

Sasa nije nyumbani kabisa, na hapa najisema na mimi.

Mwaka 2019 mjomba wangu aligombea uenyekiti wa mtaa kwa tiketi ya chama chetu. Nilikuwa shule ya bweni, mama ndiye aliyenisimulia. Mjomba anapendwa pale mtaani, ni fundi seremala, kila nyumba ina kitanda alichotengeneza. Alijaza fomu barazani, akairudisha. Baada ya siku kadhaa jina lake halipo. Kaenguliwa. Akaambiwa kwamba jina la mtaa ameliandika kwa kifupi. Yeye anaapa aliliandika lote. Akaambiwa kata rufaa. Alipokaa kuandika rufaa akaulizwa, nakala ya fomu yako iko wapi? Hakuwa nayo. Hakutoa kivuli, hakupiga hata picha kwa simu.

Siku hiyo, mama anasema, vijana kama thelathini walijaa uani kwa mjomba. Waliimba. Walipiga picha na mjomba amenyanyua vidole. Picha ikasambaa, na mimi nilipopata simu likizo nikaiposti na maneno makali chini yake. Vijana thelathini wenye simu thelathini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameipiga picha ile fomu kabla haijatoka nyumbani. Wala mimi, binti wa ukoo anayejiita mwanasheria wa baadaye, sikuwahi kumuuliza mjomba kwa simu ya matroni: umeweka nakala?

Kilichofuata mnakijua. Malalamiko ya kuenguliwa yakawa nchi nzima, vyama vya upinzani vikajitoa, na chama tawala kikatangazwa kuchukua zaidi ya asilimia 99 ya viti.

Rafiki yangu wa uhandisi, ambaye ndiye mwenye akili kuliko sisi wote, aliposikia stori ya mjomba alinibana vizuri. Alisema: "Hata fomu ingekuwa safi kama maji ya chupa, wangemkata. John Elk wako alifanya kila kitu sawasawa akapigwa saba kwa mbili. Kwa hiyo unatufundisha kujaza fomu vizuri ili tuibiwe vizuri?" Sikuwa na jibu la haraka. Nimekaa nalo wiki mbili.

Jibu langu ni hili, na sio tamu. Ni kweli, karatasi haimshindi mwenye nia ya kukunyima. Refa akiwa na jezi ya wenzako, kujua sheria za mpira hakukupi goli. Ndiyo maana tunadai tume huru na katiba mpya, na hatutaacha. Lakini mwenye karatasi akinyimwa, kunyimwa kwake kunaandikika. Elk alishindwa, ila hukumu ipo, na jina la msajili lipo. Na kumbuka mawakili waliomtetea, Poppleton na Webster, miaka mitano kabla walikuwa wamemtetea Standing Bear, chifu wa Waponca aliyekamatwa kwa kosa la kurudi nyumbani kwao kumzika mwanawe. Mwaka 1879 jaji wa Omaha alikubali kwamba Mhindi ni "mtu" mbele ya sheria na akaamuru aachiwe. Wakashinda moja, wakapoteza moja. Uraia kwa wenyeji wote ulikuja mwaka 1924, na hata hapo majimbo ya Arizona na New Mexico yalihitaji kesi nyingine mwaka 1948 ndipo wapige kura. Ni kazi ya vizazi, ya watu ambao wengi hawajaingia kwenye filamu yoyote. Mjomba wangu yeye hakuacha hata ushahidi. Ukimuuliza leo mtu wa ofisi ile, atasema fomu ilikuwa na kosa, na hatuna cha kumuonyesha. Tulinyang'anywa kiti, halafu tukawaachia na stori.

Kwa hiyo narudi kwa watazamaji. Mikutano imefunguliwa, na mimi nimefurahi kama nyinyi. Nimeenda, nimeimba mpaka sauti imekauka. Lakini nikisoma mnayoandika, naona swali moja tu: nani anakuja? Nani atahutubia, atakuja lini, msafara utapita wapi. Tunamsubiri mtu juu ya farasi. Akija tunapiga picha, akiondoka tunalala mpaka atakapokuja mwingine. Viongozi wetu wengine wamepigwa, wamefungwa, wamekimbia nchi, na heshima yao haina mjadala. Ila hakuna kiongozi hata mmoja, awe shujaa namna gani, anayeweza kukaa kwenye kila kituo cha kuandikisha, kila dirisha la kurudishia fomu, kila chumba cha kuhesabia. Hayo madirisha ni maelfu. Yanahitaji watu wa kawaida wenye kalamu, subira na simu yenye chaji.

Uchaguzi wa serikali za mitaa uliofuata ule wa 2019 ulikuwa wa mwaka 2024. Kila tawi linaweza kuanza sasa hivi kumtafuta kijana mmoja wa kuzisoma kanuni zikitoka, azisome zote, hata zile kurasa zinazochosha. Mwingine wa kukagua fomu ya kila mgombea neno kwa neno, tarehe kwa tarehe, na kutunza nakala sehemu mbili. Mwingine wa kujua pingamizi linawekwa wapi na ndani ya muda gani. Mawakala waandaliwe mapema, sio kuokotwa usiku wa kuamkia kura kwa ahadi ya soda. Hakuna atakayekuimba kwa kazi hiyo, na hutapata picha ya kuweka kwenye wasifu wako.

Na The English? Itazameni. Ni ndefu, ina damu nyingi, kuna mahali itakuchanganya, lakini ina moyo. Kama una mdogo wako chumbani, msubiri alale kwanza. Ila safari hii ukifika pale Eli anapozungumzia shamba lake, simamisha, weka bisi pembeni, sikiliza. Usimuangalie tu anavyopiga shabaha. Jiulize yule mtu, na shabaha yake yote, atasema nini mbele ya karani.

Jumamosi ya tarehe 25 mwezi huu tutaiangalia sehemu ya kwanza kwenye ofisi ya tawi letu, saa nane mchana. Ikiisha, mjomba amekubali kuja. Nimetengeneza fomu ya mazoezi inayofanana na ile ya 2019. Kila mtu ataijaza kwa kalamu mbele yake, na yeye ndiye atakayekuwa karani wa dirishani. Ameshaniambia kwamba hatamhurumia mtu. Njooni na kalamu ya bluu.